Kilosa au Morogoro mjini?

Huenda nyumbani kwenu mnajadili: tuhamie Kilosa au Morogoro mjini? Morogoro kuna Chuo Kikuu cha Sokoine tangu 1984, na Chuo Kikuu Mzumbe hakiko mbali. Chuo kikifunguliwa, mama ntilie na fundi cherehani wanapata wateja, ila vyumba vya kupanga hugombaniwa. Chuo kikifungwa, biashara karibu na geti hupoa. Anayetaka kufungua genge aulize kwanza kalenda ya chuo.

Kilosa utapata nafasi ya mahindi na kuku, na jirani atakujua kwa jina. Tangu 2024 treni ya mwendokasi inapita huko ikielekea Dodoma. Umbali si ule wa zamani. Lakini mto Mkondoa unanitia hofu, nasema wazi. Mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 yaliwaacha watu wengi bila makazi. Kabla ya kulipia kiwanja, nenda masika, mwombe mzee wa mtaa akuonyeshe maji yalifika wapi. Mkikaa jioni kuzungumza, waiteni na watoto. Shule mpya wataianza wao.