Unyenyekevu wa Jengo

Majengo ya fahari hujengwa ili yaonekane. Mfalme ajengaye jumba hulipandisha juu ya miti, na tajiri ajengaye nyumba hutia nakshi upande uelekeao njia. Huko Japani, kwa muda wa zaidi ya nusu karne sasa, yamejengwa makumbusho ya sanaa yatakayo kinyume cha haya. Baadhi yake hujifunika udongo. Mengine huacha paa wazi ili upepo na mvua viingie. Mengine hugeuza ukuta kuwa dirisha, na mlima ulio mbali ukawa ndio picha ya kwanza aionayo mgeni. Watu huvuka bahari kwenda kuyazuru, na warudipo husema kwamba jengo na maumbile yameungana yakawa kitu kimoja. Neno hilo ni tamu kulisikia. Lakini yafaa liulizwe swali: muungano huo ulifanywa kwa ridhaa ya nani, na deni lake hulipwa na nani?

Twende kwanza Naoshima, kisiwa kidogo katika bahari ya Seto, ambayo imezingirwa na visiwa vikubwa vya Japani kama ua uzingirwavyo na nyumba. Huko mwaka 2004 yalifunguliwa makumbusho yaitwayo Chichu, maana yake ndani ya ardhi. Msanifu wake, Tadao Ando, aliyazika karibu yote katika kilima. Aitazamaye kutoka baharini haoni jumba. Aitazamaye kutoka angani huona mianya ya mraba, ya mstatili na ya pembetatu iliyokatwa katikati ya majani mabichi. Mle ndani mna kazi za wasanii watatu tu: Claude Monet wa Ufaransa, na Walter De Maria na James Turrell wa Marekani. Picha za Monet ni tano, zote za mayungiyungi majini. Mgeni huvua viatu vyake, huvaa ndara, hukanyaga sakafu ya vipande vidogo vidogo vya marumaru nyeupe, na kuzitazama kwa nuru ya mchana ishukayo kutoka juu, taa hapana. Wingu likipita, picha hufifia. Jua likitoka, rangi huamka tena. Aliyekuja asubuhi na aliyekuja alasiri wameona picha zile zile, wala hawakuona picha zile zile.

Jambo hili lastahili kufikiriwa. Mlinzi wa picha ya thamani kwa desturi hutaka isibadilike kwa saa wala kwa majira. Huifungia chumbani, akaiwashia taa isiyochoka. Hapa mlinzi ameliachia wingu amri. Ikiwa kuna unyenyekevu katika nyumba hii, mimi nauona hapo, katika kukubali kuamriwa. Kule kujificha kilimani ni jambo dogo kwake, kwa maana mwivi pia hujificha. (Maumbile nayo hayaungani na mtu kwa upole siku zote. Boga kubwa la njano la Yayoi Kusama, lililowekwa gatini kisiwani humo mwaka 1994, liling'olewa na tufani mwezi wa Agosti 2021, na jingine likawekwa mahali pake mwaka 2022.)

Lakini tusijidanganye kwa utulivu wa kilima kile. Kilichimbwa, zege likamiminwa, kisha udongo ukarudishwa na mimea ikapandwa. Ndivyo ilivyokuwa pia katika milima ya Shiga, ambako makumbusho ya Miho yalifunguliwa mwaka 1997. Msanifu wake, I. M. Pei, alikuwa na hadithi ya kale ya Kichina akilini, ya mvuvi aliyepenya tundu la mlima akakuta kijiji cha amani. Kwa hiyo mgeni hupita kwanza katika njia ya chini ya mlima, kisha juu ya daraja, ndipo alione paa. Sehemu kubwa ya jengo imo ardhini, na juu yake mlima ulirudishiwa udongo wake na miti yake. Wako watu wasemao kuwa huu ni uongo: mlima uliovunjwa na kushonwa upya umejifanya bikira. Mimi siwezi kwenda nao mpaka mwisho. Mkulima naye huigeuza ardhi, na hatumwiti mwongo shamba lake lipendezapo. Jeraha lililofungwa vizuri si hila. Huwa hila pale mwenye kulifunga asemapo kwamba halikuwapo.

Makumbusho ya Adachi, katika mji wa Yasugi, ni ya namna nyingine. Yalianzishwa mwaka 1970 na mfanya biashara Zenko Adachi, mpenzi wa picha za Yokoyama Taikan, na yamezungukwa na bustani ambayo mgeni huitazama kwa madirisha tu, bila ya kuikanyaga. Dirisha moja limetobolewa ukutani kwa umbo la picha ndefu ya kuning'inizwa, na kinachoning'inia humo ni bustani yenyewe. Kila asubuhi hufagiwa kabla ya milango kufunguliwa. Mbali kidogo, katika kilima, huanguka maporomoko ya maji yaliyotengenezwa mwaka 1978 kwa kufuata picha moja ya Taikan. Picha iliiga maporomoko, kisha maporomoko yakaamrishwa kuiga picha! Nakiri ustadi mkubwa, lakini siwezi kusema kuwa maumbile yameheshimiwa hapo, yameajiriwa. Na hata hivyo, kila aliyelelewa katika nyumba ambayo ua wake hufagiwa alfajiri ajua kwamba kufagia ni namna ya mapenzi, na hukumu yangu hupungua ukali.

Nyuma ya bustani ile yapo milima ambayo imeingizwa katika mandhari ingawa haikupandwa na mtunza bustani. Wajapani wana neno la kale kwa ufundi huo: huuita kuazima mandhari. Neno hilo laweza kumshtua Mswahili, ambaye huambiwa tangu utotoni kuwa nguo ya kuazima haisitiri. Lakini wao hawakutaka kujisitiri nayo. Walitaka kukumbuka kuwa si yao. Muazimaji yumo mikononi mwa mwenye mali. Mlima ukikatwa miti, au ukijengwa minara, picha imekwisha, na fundi wa bustani hana la kufanya. Basi aliyeutundika mlima katika dirisha lake amejifunga kuujali mlima wote, hata upande ule usioonekana dirishani.

Deni hilo la muazimaji halina mahali linapodaiwa kwa uzito kuliko Teshima, kisiwa jirani cha Naoshima. Mashariki mwa kisiwa, kando ya matuta ya mpunga yatazamayo bahari, yapo makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 2010, kazi ya msanifu Ryue Nishizawa na msanii Rei Naito. Yana umbo la tone la maji lililotua ardhini: urefu mita 60, upana mita 40 hivi, unene wa zege sentimita 25, wala hakuna nguzo hata moja. Wajenzi walirundika udongo ukawa kilima kidogo, wakamimina zege juu yake, na lilipokauka wakauchimbua udongo na kuutoa. Katika paa mna matundu mawili makubwa yasiyo na kioo. Hamna picha wala sanamu ya kuchongwa. Katika sakafu mna vitundu vidogo ambamo maji huchipuka. Matone hutembea, hukutana, huungana, huwa kidimbwi, na upepo ukivuma hutetemeka. Watu huketi sakafuni na kunyamaza. Sijui nyumba nyingine ambayo ukuta wake umemwachia maumbile nafasi kubwa hivi.

Na magharibi mwa kisiwa hicho hicho? Huko, kuanzia miaka ya 1970, mwenye kampuni mmoja alitaka kuleta taka za viwanda. Wenyeji walikataa. Serikali ya jimbo la Kagawa mwishowe ilimpa ruhusa, mwaka 1978, kwa hoja kwamba atafuga nyungunyungu, wale minyoo wa udongo. Yaliyokuja yalikuwa mabaki ya magari yaliyosagwa, mafuta machafu na sumu, na mengine yalichomwa hadharani kwa miaka mingi mpaka polisi walipoingia mwaka 1990. Watu wa kisiwa, wengi wao wazee wakulima na wavuvi, waliomba haki kwa pamoja mwaka 1993, na mwaka 2000 mkuu wa jimbo aliwaomba radhi. Mwaka 2003, yaani mwaka mmoja kabla ya kufunguliwa Chichu, meli zilianza kupakia taka hizo na kuzipeleka Naoshima, kisiwa cha mayungiyungi ya Monet, zikayeyushwe kwa moto. Kazi hiyo iliendelea mpaka 2017, na kilichohamishwa, pamoja na udongo uliotiwa sumu, kilizidi tani 900,000. Wengi wa walioomba haki hawakuiona siku hiyo.

Basi mgeni aliyeketi kimya mbele ya tone safi la maji ameona kweli au nusu ya kweli? Mtetezi wa sanaa atajibu kwamba makumbusho si gazeti, na kwamba ubao wa maelezo ukutani ungeliua lile tone. Nakubaliana naye. Walakini Inujima, kisiwa kingine cha bahari hiyo, chaonyesha kuwa ipo njia ya tatu. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilijengwa huko mwaka 1909, kikafungwa baada ya miaka kumi tu bei ya shaba ilipoanguka. Msanifu Hiroshi Sambuichi alipoyageuza magofu yake kuwa makumbusho, mwaka 2008, hakuificha dohani; aliipa kazi ya kuvuta hewa, akaliachia jua kupasha vyumba moto na ardhi kuvipoza, na matofali meusi ya taka za shaba yakabaki kuta. Aliyeingia humo hawezi kusifu maumbile bila ya kugusa alichotendewa.

Teshima haikujengwa hivyo, na huenda haikuwezekana kujengwa hivyo. Lakini wenyeji walifanya wenyewe lililobaki. Magharibi, karibu na mahali palipokuwa na taka, waliweka nyumba ndogo ya kumbukumbu isiyo na msanifu mashuhuri. Ndani yake limehifadhiwa tabaka la taka lenyewe, likisimama kama ukuta: weusi, vipande vya chuma na mpira, vikigandamana na udongo wa kisiwa kama vilivyokutwa. Hiyo nayo ni kazi ya binadamu iliyoungana na ardhi. Mgeni akishuka katika meli aweza kuelekea mashariki penye tone, au magharibi penye ukuta huo. Kisiwa ni kidogo, na mchana mmoja watosha kwa zote mbili.