Amana ya Hewa na Ufujaji wa Gesi
Huko Kariandusi, karibu na Gilgil, huchimbwa daiatomaiti, yaani udongo mweupe uliotokana na mabaki ya viumbe vidogo mno vya ziwa lililokauka, ambao vumbi lake hudhuru mapafu ya mchimbaji asiyekingwa. Swali linalozuka hapo ndilo linaloikabili Kenya tangu mafuta yalipopatikana katika kisima cha Ngamia-1, Turkana, mwaka 2012: mchimbaji ana haki gani juu ya hewa isiyo yake?

Mafuta hutoka ardhini pamoja na gesi, na panapokosekana bomba la kuisafirisha, gesi hiyo huchomwa juu ya mnara. Uchomaji huo una sababu ya haki, kwa kuwa methani ikiachwa huru hunasa joto angani zaidi ya mara 80 kuliko kaboni dayoksaidi katika miaka 20. Lakini mwali ukizimwa na upepo, au ukikosa hewa ya kutosha, methani na masizi huponyoka. Basi mnara huo hupunguza dhara bila kuufuta ufujaji wenyewe. Uislamu umekataza israfu, na Ukristo humhesabu mwanadamu kuwa wakili wa mali ya Mungu. Kwa mafundisho yote mawili, kukosa soko hakumpi mtu ruhusa ya kuteketeza neema. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 42, inaongeza mdai mwingine, yaani vizazi vijavyo, ambavyo haviwezi kujisemea. Kisima kisicho na mpango wa kuzalisha umeme kwa gesi yake, au wa kuirudisha ardhini, kisipewe kibali.