Kimetoka Chote

Fundi seremala mmoja wa miaka 58 aliona damu chooni, akaenda hospitali. Kamera ikapitishwa kwenye utumbo mpana, kikaonekana kinyama, kikakatwa papo hapo. Hakupasuliwa wala hakulazwa. "Mzee wangu, kimetoka chote," daktari alimwambia. "Tunakipeleka maabara, urudi kufuata majibu." Fundi alishika yale maneno ya mwanzo.

Majibu alikwenda kuyachukua mwanawe, akapewa dirishani. Yalisema ni saratani, imezama milimita 2 chini ya utando wa ndani, kingo ni safi, na chembe zake zimeonekana ndani ya mshipa mdogo. Kijana alipofika kwenye "kingo ni safi" akapiga simu: "Baba, uko salama."

Kingo safi maana yake pale palipokatwa hapakubaki kitu. Hazisemi lolote juu ya tezi za limfu zilizo nje ya ukuta wa utumbo, ambako kamera haifiki. Saratani huzifikia kwa kupitia mishipa midogo kama ule uliotajwa kwenye karatasi. Ndiyo maana mtaalamu wa patholojia hupima imezama kiasi gani, na milimita 1 ndiyo mpaka unaotumika sana. Hutazama pia kama imeingia mshipani, kama chembe zake ni za aina kali, na kama zimeanza kujitenga vikundi vidogo vidogo. Yote hayo yasipokuwepo, hatari ni ndogo sana na mgonjwa hufuatiliwa tu. Likiwepo hata moja, lazima upasuaji wa kuondoa kipande cha utumbo pamoja na tezi zake uzungumzwe.

Uzungumzwe, maana si kila mtu apasuliwe. Saratani iliyoishia kwenye tabaka lililo chini ya utando wa ndani hukutwa imefika kwenye tezi kwa mgonjwa kama 1 kati ya 10, kwa hiyo wengi wanaopasuliwa tezi zao hukutwa safi. Bibi wa miaka 85 mwenye moyo dhaifu ana haki kamili ya kukataa. Na saratani ikiwa chini kabisa, karibu na njia ya haja kubwa, upasuaji unaweza kumwachia mtu mfuko wa choo tumboni maisha yake yote. Mizani hiyo mgonjwa aishike mwenyewe, daktari akiwa mbele yake.

Fundi alikuwa na moyo mzima, na kinyama chake kilikuwa juu, mbali na njia ya haja. Alikuwa na kila sababu ya kupasuliwa, ila hakuna aliyemuuliza. Baada ya miaka 2 alirudi amekonda, na picha ya CT ikaonyesha tezi zimevimba na madoa kwenye ini.

Madaktari wakawaita ndugu zake wapimwe. Mdogo wake naye alikutwa na kinyama chenye saratani. Siku ya majibu alikataa kupokea karatasi dirishani, akasubiri mpaka saa tisa aingie kwa daktari, akauliza: imezama kiasi gani, imeingia mshipani, tezi je? Haikufika milimita 1, na mishipa ilikuwa safi. Wakakubaliana asipasuliwe, na tarehe ya kamera inayofuata ikaandikwa kwenye kadi kabla hajatoka.