Nani Amefunga Mvua?

Ndugu msomaji, kabla hujafunua ukurasa mwingine hebu nijibu swali hili: kati ya mtu anayesema "nimeona" na mtu anayesema "nimepima", yupi ana haki ya kuaminiwa? Usijibu haraka. Mimi niliwahi kujibu haraka, tena kwa kunyamaza, na gharama akalipa mtu mwingine.

Mambo yenyewe yalianzia kijijini kwetu, upande wa Bariadi. Mvua za msimu ule zilianza vizuri, watu wakapanda pamba, wengine wakafika palizi ya pili. Januari mbingu ikafunga. Wiki ya kwanza hatukujali, maana kwetu mvua hupumzika kidogo mwezi huo. Wiki ya nne pamba ikaanza kupukutisha maua na vitumba vichanga. Mkulima akiviona vitumba chini, bwana, haoni vitumba. Anaona ada ya shule, bati za nyumba na deni la dawa ya kupulizia, vyote vimelala mavumbini. Ndipo kijiweni likaulizwa lile swali ambalo Usukumani ni la tangu enzi za mababu: nani amefunga mvua?

Jina halikutajwa. Watu wetu hawataji jina mapema. Walianza na macho. Kulikuwa na bibi mmoja mjane, sote tukimwita Mayo, na macho yake yalikuwa mekundu. Sasa niambie, mwanamke gani mzee wa kwetu hana macho mekundu? Amepikia kinyesi cha ng'ombe na mabua ya pamba miaka hamsini, ndani ya kibanda kisicho na dirisha. Moshi haujui uchawi. Lakini kanda yetu inajulikana nchi nzima kwa vikongwe waliokatwa mapanga kwa sababu ya rangi ya macho, na kila aliyekuwa pale kijiweni alijua maneno yale yalikuwa yanaelekea wapi. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, kitabu cha fizikia kiko nyumbani juu ya sanduku. Sikusema kitu. Nisikufiche, nilicheka pamoja nao.

Na huyo huyo Mayo ndiye aliyenifundisha somo langu la kwanza la fizikia! Nilipokuwa mdogo nililala kwake usiku mmoja wa mwezi wa Juni. Akatoka nje, akatazama juu, akarudi akaniambia, "Jifunike vizuri leo, mawingu yameondoka." Nilishangaa. Mawingu si ndiyo yenye baridi? Alfajiri meno yaligongana. Usiku wa pili wingu likatanda, na tukalala bila taabu. Miaka mingi baadaye nilikutana na maelezo yake darasani: ardhi iliyopokea joto mchana hulirudisha angani usiku, na wingu pamoja na mvuke hulikamata joto lile lisitoroke lote. Mayo hakuwa na kipimajoto. Alikuwa na ngozi, na macho yale yale mekundu.

Mjadala mzima wa tabianchi unaowagombanisha wakubwa wa dunia umesimama juu ya jambo la namna hiyo. Mwaka 1856 mwanamke mmoja wa Marekani, Eunice Foote, aliweka vipimajoto ndani ya mitungi ya kioo, akaianika juani. Mtungi wenye hewa ya ukaa ulipata joto kuliko mwingine, na ulipoondolewa juani ulichelewa sana kupoa. Karatasi yake ilisomwa mkutanoni na mwanamume. Mwaka 1896 Svante Arrhenius wa Sweden akakokotoa dunia ingepata joto kiasi gani kama hewa hiyo ingeongezeka. Kabla ya viwanda, katika kila sehemu milioni moja za hewa ya dunia, kama 280 zilikuwa hewa ya ukaa. Leo zimepita 420. Tumejifunika blanketi la pili, na tunazidi kulinenepesha.

Hapo ndipo mjanja mmoja wa kijiweni aliponikaba siku moja. "Mbona Mpemba alichekwa na wasomi wote," akasema, "na baadaye ikaonekana yeye ndiye mkweli? Basi na mimi ninayesema hayo ya tabianchi ni maneno ya wazungu, nicheke leo, kesho utaniheshimu."

Hoja hii ilininyima usingizi. Erasto Mpemba alikuwa kijana wa sekondari ya Magamba, Lushoto, mwaka 1963. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu, na yeye akihofia kukosa nafasi kwenye friji aliingiza maziwa yake yangali ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Akamwuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, akaambiwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Darasa zima likapata utani. Kisha akaja mgeni kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwanafizikia Denis Osborne. Mpemba akasimama akauliza lile lile, wenzake wakaangua kicheko.

Osborne hakusema "kweli". Hakusema "uongo" pia. Alirudi Dar es Salaam, akaagiza lijaribiwe. Mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja, na jina la kijana wa Kitanzania likaingia katika fizikia ya dunia.

Wengi huishia hapo na kupiga makofi. Mimi naipenda zaidi sehemu inayofuata. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walirudia vipimo kwa uangalifu mkubwa wakasema hawaoni ushahidi wa maana kwamba maji ya moto hupoa haraka kuliko ya baridi. Wengine bado wanabishana nao. Je, Mpemba ameaibika? La hasha! Hakuomba aaminiwe kwa kuwa alichekwa. Aliomba watu wajaribu wenyewe, na mpaka leo wanajaribu. Mjanja wetu anataka kicheko kiwe ushahidi wake, wala hana mtungi hata mmoja alioanika juani.

Lakini hata upande wetu sisi tunaoamini vipimo una madoa. Barafu ya Kilimanjaro, kwa mfano. Kati ya mwaka 1912 na 2000 ilipungua kwa zaidi ya asilimia 80, na hilo lilipimwa. Kisha ikatabiriwa kwamba huenda ingekwisha kati ya 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita, barafu imezidi kukonda, lakini ipo. Aliyetangaza tarehe kwa sauti kubwa sasa anachekwa kijiweni, na kicheko hicho kinaangukia hata kipimo kisicho na kosa.

Ndiyo maana mwanafizikia mkweli ukimwuliza kama moshi wa viwanda ndio uliokatisha mvua ya kijijini kwetu Januari ile, hatakupa jina. Atakuambia dunia imeongezeka joto zaidi ya nyuzi 1. Atakuambia kila nyuzi moja huiwezesha hewa kubeba mvuke zaidi kwa kama asilimia 7, kwa hiyo mvua ikija huja kwa pupa, na jua likiwaka huunyonya udongo bila huruma. Atakukumbusha pia kwamba Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita 2 baada ya mvua za 1961, na kwamba bahari zina mabadiliko yake zenyewe. Januari moja, kijiji kimoja? Hapo atataka vipimo kabla hajasema. Kijiweni walitaka mtu.

Na ajabu yake ni kwamba wazee hawakukosea kila kitu. Kwamba tendo la binadamu laweza kuigusa mvua, walilijua kabla yetu. Walikosea mahakama. Mwenye kibanda kisicho na dirisha akapandishwa kizimbani, na wenye mitambo ya makaa ya mawe hata hawajui Bariadi iko wapi.

Mayo hakuuawa. Mwanawe wa kike alikuja usiku kumchukua, wakaenda Magu. Mvua ilirudi mwishoni mwa Februari, na wapo walioona huo ndio ushahidi.

Mwaka jana nilikwenda kumsalimia. Nilijiandaa njia nzima na maneno ya kuomba radhi. "Mwangaluka, Mayo," nikasema, na yeye akanitambua kwa sauti, kwa sababu macho sasa hayaoni vizuri. Aliniuliza kama huko mvua imenyesha. Nikasema imenyesha. Akauliza kama paa la jiko lake bado linavuja upande wa mlango.

Sikuwa na jibu. Nilikuwa sijawahi kwenda kutazama.