Kipya Kinyemi, Lakini kwa Nani?

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Msemo huo unatufaa tukizungumzia dawa za skizofrenia, maradhi yanayoweza kumfanya mtu asikie sauti ambazo jirani yake hazisikii.

Dawa ya kwanza, klopromazini, ilianza kutumika Paris mwaka 1952. Haloperidoli ikafuata mwaka 1958, na hospitali zetu bado zinaitumia. Zilituliza sauti, ndiyo, ila ziliwaachia wengi mikono inayotetemeka na misuli iliyokakamaa, na wengine midomo inayotafuna hewa. Miaka ya 1990 zikaja dawa mpya kama olanzapini, kwa bei kubwa na sifa tele. Eti maneno yamekwisha!

Hayakwisha. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walitangaza matokeo ya utafiti uitwao CATIE, uliohusu wagonjwa wapatao 1,500. Perfenazini, dawa ya kizamani, haikuachwa mbali na zile mpya. Olanzapini watu walidumu nayo zaidi kidogo, lakini iliwanenepesha na kupandisha sukari mwilini. Kubwa zaidi ni hili: wagonjwa 74 katika kila 100 waliacha dawa waliyopewa kabla ya miezi 18 kwisha. Wengine haikuwafaa, wengine iliwadhuru, wengine waliamua wenyewe.

Sasa hebu tujiulize. Ikiwa dawa moja inatetemesha mikono na nyingine inaweza kuleta kisukari, nani aseme ipi ndiyo afadhali? Fundi cherehani huenda akaona heri anenepe kuliko mkono umtetemeke. Binti aliyemzika mama yake kwa kisukari atachagua kinyume. Daktari anaijua dawa, lakini hajui mikono ile inalisha watoto wangapi.

Utaniambia: mgonjwa wa akili ataamuaje, bwana? Hoja hiyo ni nzito. Kuna siku hawezi kweli, na siku hiyo wengine hawana budi kuamua kwa niaba yake. Lakini wengi huwa na siku za utulivu. Siku hizo aulizwe, jibu lake liandikwe, lije kufuatwa siku ya tufani.

Simshawishi mtu atupe vidonge, ugonjwa hurudi. Ila tukimwona aliyeviacha, kabla ya kumwita mkaidi tumwulize vilikuwa vinamfanya nini. Kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake.