Mzima

Kwenye mlango wa friji yetu hapa Plano, Marekani, kuna karatasi ya rangi nne. Kijani ni kuogelea, njano ni fidla, bluu ni hesabu za ziada, nyekundu ni sataranji. Binti yangu ana miaka tisa. Jumamosi namzungusha kwa gari toka asubuhi, yeye kiti cha nyuma anakula chapati, nguo ya kuogelea kaivalia ndani ya gauni ili tusipoteze dakika za kubadilisha. Jina la mji huu ni neno la Kihispania, maana yake tambarare, na kweli ni tambarare: barabara zimenyooka, hakuna kilima cha kukuficha na majirani zako, ambao nao wamebeba fidla.

Sisi wazazi tuliotoka mbali tunajua tunachokimbilia. Fomu inayopokelewa na vyuo vikuu vingi vya Marekani ina sehemu ya kuandika shughuli za mwombaji nje ya masomo, nafasi 10. Ukishaiona fomu hiyo huisahau. Unaanza kumtazama mtoto kama nafasi 10 tupu.

Haya yote tunayaita kumlea mtoto awe mtu kamili. Lakini lugha yangu inanisuta. Kwetu mtu aliyekua tunamwita mtu mzima, na mzima huyohuyo ndiye asiyeumwa, ndiye aliye hai, na nazi nzima ni ile isiyovunjwa. Neno moja linafanya kazi nne, na hata moja kati ya hizo si kujua mambo mengi. Nazi haiwi nzima kwa kuongezewa kitu. Ni nzima mpaka mtu aipasue, nami nikiitazama ile karatasi ya rangi nne huona mbuzi na kifuu.

Najua, hoja hii inaweza kuwa kisingizio cha uvivu. Mtoto aachwe tu, abaki mzima mbele ya televisheni? Hapana. Utotoni Tanga niliona wachukuzi wa maji wa mzega: mti begani, debe mbele, debe nyuma. Debe moja likiwa zito zaidi, mchukuzi hamwagi maji ili yalingane. Anasogeza bega kuelekea lile zito, kisha anaondoka, na mzega unatulia akiwa anatembea. Nilichokosea mimi ni kupima madebe. Nimegawa saa sawa kwa sawa, kumbe mtoto mwenyewe ana upande wake mzito. Wake ni fidla. Sataranji anaichezea adabu.

Hata watu wazima wamebeba mzega wa namna hiyo. Shaaban Robert alianza ukarani wa forodha mwaka 1926, akaishi kwa mshahara wa serikali ya kikoloni huku akitunga. Nyerere alitoa tafsiri yake ya *Julius Caesar* mwaka 1963, urais wa Tanganyika ukiwa bado mbichi mikononi mwake. Mwaka 1969 ikaja *Mabepari wa Venisi*. Sidhani kama kuna aliyeona siasa imemjaa akajipangia Shakespeare kwa ajili ya mizani. Alikipenda Kiswahili, akataka kuona kinaweza kubeba nini. Bega lilisogea lenyewe.

Jumamosi iliyopita, saa nne asubuhi, mama yangu alipiga simu ya video. Tanga jua lilikuwa linazama. Tulikuwa tumeshafunga mikanda, injini inawaka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mzima?"

"Mzima, bibi. Leo nina kuogelea, halafu fidla, halafu hesabu, halafu..."

"Sikukuuliza ratiba, nimekuuliza mzima?"

Binti yangu akanyamaza. Akanitazama kwenye kioo, mimi nikatazama usukani. Kisha akasema kidole cha shahada kinamuuma, pale kinapobonyeza uzi, na kwamba darasani rafiki yake amehama kiti. Bibi akasema asogeze kidole akione. Kikasogezwa mpaka kikaziba kamera yote.

"Pole, mama. Kimeota sugu hicho, kitazoea."

"Na wewe, bibi, mzima?"

Hapo bibi akavuta kigoda. Akaanza na goti, akaja kwenye mvua iliyochelewa, akaingia harusi ya jirani na pilau lililoungua chini. Nikazima injini. Saa ya kuogelea ikapita tukiwa bado mbele ya nyumba, chapati imeisha, binti yangu anauliza huyo bibi harusi alilia au hakulia.