Deni la Mtoto Anayecheza

Sera za michezo ya vijana, ziwe za serikali au za mashirika ya hisani, huandikwa karibu zote kwa lugha ya manufaa: mpira utawaepusha vijana na dawa za kulevya, netiboli itawapa wasichana ujasiri, na kipindi cha elimu ya viungo kitaongeza usikivu darasani. Nyuma ya lugha hiyo limejificha swali la kifalsafa, nalo ni kama mchezo una thamani ya ndani, yaani thamani unayokuwa nayo hata usipozaa kitu kingine, au ni nyenzo tu ya kufikia jambo linalothaminiwa zaidi.

Msimamo kwamba mchezo ni nyenzo ni wa kale na una watetezi wazito. Aristotle, katika kitabu cha kumi cha maandishi yake ya maadili, aliuhesabu mchezo kuwa aina ya pumziko, akaona ni upuuzi mtu kutaabika maisha yake yote kwa ajili ya kujifurahisha. Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alieleza katika Ihya Ulum al-Din kwamba mtoto atokapo chuoni aachiwe acheze mchezo mwema, kwa kuwa kumzuia na kumlemeza kwa masomo mfululizo huufisha moyo wake. Ni hoja yenye huruma, ambayo walimu wanaokigeuza kipindi cha michezo kuwa cha hisabati wangefaa kuisikia, ila hata humo mchezo unabaki kuwa mtumishi wa somo.

Msimamo wa pili ulipata nguvu katika karne ya 20, pale Mholanzi Johan Huizinga alipodai mwaka 1938 kwamba utamaduni wenyewe huchipuka ndani ya mchezo, na pale Bernard Suits, katika kitabu chake cha 1978, alipoufasili mchezo kuwa jitihada ya hiari ya kushinda vikwazo visivyo vya lazima. Mshambuliaji angeweza kuubeba mpira kwa mikono hadi wavuni, lakini amekubali kutofanya hivyo, na kukubali huko, kusikodai faida yoyote ya nje, ndiko kunakomfanya awe mchezaji.

Ugumu wa swali hili unaonekana vyema Nairobi, katika Chama cha Michezo cha Vijana wa Mathare, MYSA, kilichoanzishwa mwaka 1987, ambacho kanuni za ligi yake zimejulikana kwa kuipa timu iliyosafisha mtaa pointi sita, mara mbili ya zile za ushindi uwanjani. Kanuni hiyo imesifiwa sana, na kwa haki, kwa kuwa taka na mitaro iliyoziba ni chanzo cha maradhi. Hata hivyo, kwa kipimo cha Suits, taka si kikwazo cha kujitakia, na mtoto wa mtaa wa kitajiri, anayecheza tenisi au kuogelea, haulizwi amezibua mtaro gani kabla ya kuhesabiwa ushindi wake. Kinachoiokoa kanuni ya Mathare ni kwamba vijana wenyewe wana sauti katika uongozi wa chama, hivyo wajibu huo unakaribia kuwa ahadi waliyojiwekea. Kanuni hiyohiyo ikiletwa na mfadhili kutoka nje ingekuwa kodi anayotozwa maskini kwa kucheza.

Watafiti nao wana tahadhari yao. Fred Coalter, aliyechunguza mwaka 2007 madai ya faida za kijamii za michezo, alionyesha kwamba ushahidi wake mara nyingi ni dhaifu, na kwamba kushiriki peke yake hakutoshi, kwa kuwa mengi hutegemea hali, walezi na mahusiano yanayouzunguka mchezo. Norwei imeelekea njia nyingine: tamko lake la haki za watoto katika michezo, lililopitishwa mwaka 2007, linaanza na furaha na usalama wa mtoto, na kanuni zinazoambatana nalo haziruhusu majedwali ya matokeo kabla ya umri wa miaka 11. Nchi hiyo ilitwaa dhahabu 16 katika Olimpiki ya majira ya baridi ya 2022, ingawa theluji na mapato ya mafuta vina sehemu yao katika hesabu hiyo.

Ibara ya 31 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 inatambua haki ya kucheza bila kuifungamanisha na tija, na hilo lina uzito wa kibajeti pia, kwa sababu kiwanja kilichojengwa kwa ahadi ya kupunguza uhalifu hukosa utetezi siku uhalifu usipopungua, na mwenye kukitamani kwa ujenzi wa maduka hupata hoja tayari, ilhali viwanja vya gofu vya mijini kwa kawaida havidaiwi uthibitisho wa namna hiyo.